Alama za Mwili wa Mzee: Nani Amepewa Kuzisoma?

Ndugu waamini, na hasa ninyi viongozi wa walei mnaoingia katika nyumba ambazo sisi mapadre hatufiki ila kwa mialiko na misiba,

Hapa kwetu Kanda ya Ziwa mwili wa mwanamke mzee husomwa kama kitabu, na wengi wanaokisoma hawakufundishwa herufi zake. Macho yakiwa mekundu, huambiwa ni mchawi. Mkono ukitetemeka, amezidiwa na dawa zake mwenyewe. Akionekana anasema peke yake jioni, anaagana na fisi wake. Akikonda huku akiendelea kuishi, na mjukuu wa jirani akafa kwa homa ya siku tatu, huulizwa: huyu bibi anaishi kwa miaka ya nani? Swali la namna hiyo likishaulizwa kilabuni au kisimani hutafuta mpiga ramli wa kulijibu, na jibu la mpiga ramli hutafuta panga.

Hatusemi hadithi. Hesabu iliyokusanywa Tanzania Bara kwa miaka ya 1970 hadi 1984 ilionyesha watu zaidi ya 3,600 waliouawa kwa kisingizio cha uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya wote waliuawa Usukumani. Baadaye mwanauchumi mmoja, Edward Miguel, alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu, na katika maandishi yake ya mwaka 2005 akaonyesha kwamba mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka takribani mara mbili katika miaka ya ukame au ya mafuriko. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi walioua walikuwa jamaa zao. Tunawaomba mlitafakari jambo hilo kidogo. Ni uchawi gani huu unaofuata kalenda ya mvua? Mwaka wa mavuno bibi ni bibi. Mwaka wa njaa, macho yale yale huwa ushahidi.

Tume yetu imekwisha kulaani mauaji haya mara nyingi, na haitaacha. Lakini leo twataka kusema neno jingine. Kulaani peke yake kumekuwa kama kumwambia mtu kwamba anasoma vibaya, bila kumwonyesha herufi. Alama zile katika mwili wa mzee ni za kweli. Mgongo umepinda kweli, mkono umelegea kweli, mwili umekonda kweli. Mwili unasema. Tunachobishania ni maana ya maneno yake, na kwa miaka hii ya karibuni elimu ya tiba imepiga hatua kubwa katika kuyafasiri. Waamini wetu wana haki ya kuijua elimu hiyo, nasi tutajaribu kuieleza kwa kadiri ya uwezo wetu, ingawa hatukusomea uganga bali teolojia.

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo yaliyoua wengi. Mwanamke aliyepika kwa moto wa mafiga miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, amekaa ndani ya moshi maelfu ya saa. Na katika nchi ambayo miti imekwisha, mama hupikia mabua, miti ya pamba na hata samadi iliyokauka, ambavyo moshi wake ni mkali. Ongezeni hapo ugonjwa wa trakoma, ambao hugeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza jicho kila mzee anapopepesa. Ongezeni nyama inayoota juu ya jicho kwa sababu ya jua na vumbi. Ongezeni ulegevu wa kope la chini unaokuja na umri, hata machozi yakamwagika nje na jicho likabaki wazi, kavu na jekundu. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilojulikana kwa tabibu wa macho, na mengi yana dawa au upasuaji mdogo. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba bibi zetu wengi wamehukumiwa kwa kosa la kutupikia.

Sasa tuyaache macho, tuuangalie mwili mzima.

Uzee si ugonjwa. Wapo wazee wa miaka 80 wanaolima, na wapo wa miaka 62 wasioweza kuinua ndoo nusu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasumbua waganga kwa muda mrefu, mpaka wakatambua kwamba kuna hali fulani inayoweza kuandamana na uzee lakini si uzee wenyewe. Sisi tutaiita udhaifu wa uzeeni. Ni hali ambayo akiba ya mwili imepungua katika viungo vingi kwa pamoja, hata jambo dogo, kama kuhara siku mbili, malaria isiyo kali, kujikwaa mlangoni au kufiwa, linamwangusha mtu kabisa, naye hainuki tena kufika pale alipokuwa. Mzee mwenye akiba ni kama nyumba yenye ghala: mvua ikichelewa, wataishi. Mzee aliyedhoofika anaishi kwa chakula cha siku ile ile.

Mwaka 2001 huko Marekani, Linda Fried na wenzake, wakitumia kumbukumbu za watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, walitaja alama tano za kuitambua hali hiyo. Mtu amepungua uzito bila kutaka, kiasi cha kilo nne na nusu au zaidi kwa mwaka mmoja. Anajisikia kuchoka, kila jambo ni mzigo. Nguvu ya kiganja chake imepungua. Mwendo wake umekuwa wa polepole. Na kazi anazozifanya kwa mwili wake ni chache mno. Mwenye tatu kati ya hizo huhesabiwa kuwa ameingia katika udhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani. Na waliokuwa na alama hizo ndio walioanguka zaidi, waliolazwa zaidi na waliofariki mapema zaidi katika miaka iliyofuata. Wataalamu wa Kanada, akiwemo Kenneth Rockwood, walichukua njia nyingine ya kuhesabu kasoro zote alizo nazo mzee, za macho, za masikio, za kumbukumbu, za maradhi, na kuona ni ngapi amekwisha kuzikusanya. Njia zote mbili zatumika hata leo, na kwa habari yetu hapa hazipingani.

Na kwetu je? Wataalamu wa Tanzania na wa Uingereza walikwenda wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na mwaka 2010 wakawapima wazee zaidi ya 1,100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ili kujua habari za maradhi ya kusahau. Baadaye humo humo Hai kikatungwa kipimo kifupi cha kutambua udhaifu wa uzeeni kilichokusudiwa kwa Tanzania, chenye kufaa mahali ambapo daktari wa wazee hayupo. Hivyo jambo hili si la wazungu peke yao, na asiwepo wa kutuambia kwamba twaleta mambo ya Ulaya vijijini.

Hizo ndizo alama za nje. Zipo na za ndani, nazo ndizo zilizotufanya tukae na wenzetu wa hospitali kwa saa nyingi tukiuliza maswali ya kitoto.

Kidonda kikiingia uchafu, mahali pale huvimba, huwa pekundu na hupata moto. Huo ni ulinzi wa mwili. Askari wake wamefika, wanapigana, na wanatoa vitu fulani katika damu vya kuitana wao kwa wao. Kimojawapo huitwa intalukini-6. Ini likipata habari hiyo hutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo maabara ya hospitali kubwa huipima. Vita vikiisha, moto huzimika na vitu hivyo hushuka. Lakini katika miili ya wazee wengi moto huo hauzimiki kabisa. Hubaki ukifuka kama kaa chini ya majivu, miaka na miaka, bila kidonda kinachoonekana. Mwitalia Claudio Franceschi na wenzake waliueleza moto huo mwaka 2000, na uchunguzi mwingi baada yao umeonyesha kwamba wazee waliodhoofika, wakilinganishwa na wenzao wenye nguvu, kwa kawaida wana intalukini-6 na CRP nyingi zaidi katika damu. Moto huo unakula misuli, unapunguza hamu ya chakula, na unazuia mwili kutumia chuma kutengenezea damu.

Kwa hiyo damu nayo hupungua. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha himoglobini cha gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke, na 13 kwa mwanamume. Walio chini ya hapo wanahesabiwa kuwa na upungufu, na upungufu huo huonekana zaidi kwa wazee waliodhoofika. Albumini, protini nyingine ya damu, hushuka kwa mwenye moto wa ndani au mwenye lishe mbaya. Vitamini D hupungua, hata katika nchi ya jua kama yetu, kwa mzee anayekaa ndani mchana kutwa. Homoni zilizokuwa zikiamuru misuli ijengwe nazo hupungua.

Hapa twaomba usikivu wenu, kwa maana mahali hapa udanganyifu waweza kuingia. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi vya damu ambacho peke yake chaweza kusema kwamba huyu ni dhaifu na yule sivyo. CRP hupanda kwa malaria, kwa jino bovu, kwa kidonda cha mguu. Wataalamu wanaendelea kutafuta alama moja ya damu iliyo ya hakika, na mpaka sasa hawajaipata. Basi akija mtu parokiani na mashine yake, akisema kwa shilingi elfu thelathini atampima mama yako uzee wa seli na kumuuzia vidonge vya kuurudisha nyuma, mfunguliwe mlango atoke. Alama za ndani zina faida nyingine. Zinatufundisha kwamba kudhoofika kwa mzee kuna sababu zilizomo mwilini, ambazo zinatafutika, na baadhi yake zinatibika. Kifua kikuu kilichojificha hukondesha mzee kimyakimya. Kisukari nacho kadhalika. Na virusi vya UKIMWI pia, ingawa hakuna anayethubutu kumshauri babu wa miaka 70 akapime, kana kwamba virusi huuliza umri. Hata moshi ule ule wa jikoni unaowekundisha macho huingia mapafuni na kuchochea moto wa ndani tuliousema.

Lipo kosa la kusoma ambalo ni la upole kuliko lile la panga, na kwa sababu hiyo limeenea hadi katika nyumba zetu wenyewe, nyumba za wanaosali rozari kila jioni. Ni maneno haya matatu: "ni uzee tu." Mama hali vizuri, ni uzee tu. Baba ameanguka mara mbili tangu Pasaka. Ni uzee tu. Bibi amelala siku nzima, halafu usiku anaweweseka akimwita marehemu dada yake. Ni uzee, au mbaya zaidi, anaungama. Kumbe kuchanganyikiwa kwa ghafula kwa mzee mara nyingi ni dalili ya maradhi ya mwili, kama vile kichomi, malaria au ugonjwa wa njia ya mkojo, na anayestahili kuitwa kwanza ni tabibu. Anayesema "ni uzee tu" hamchukii mzazi wake. Ila amekwisha kumfungia jalada angali hai, na mtaa unaosikia kila siku kwamba mzee hana ugonjwa bali ana uzee tu, siku ya msiba wa mtoto utajazia nafasi ile tupu kwa maelezo ya mpiga ramli.

Katika kigango kimoja tunachokihudumia alikuwapo mzee aliyefundisha katekisimu zaidi ya miaka thelathini. Akaacha kuja Misa. Halmashauri ikanong'ona kwamba amepoa imani, wengine kwamba amehamia kwa walokole. Tulipompelekea Komunyo nyumbani na kumuuliza, alijibu: "Padre, Kanisa halikunichosha. Mto ndio umekuwa mpana." Mto ule hauzidi mita nne, nao huvukwa kwa gogo. Tulipompa mkono wa kwaheri, kiganja chake kilikuwa kama kiganja cha mtoto anayelala. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Mwendo, kiganja, uzito: alama tatu kati ya tano zilikuwa pale mezani, na kwa miezi minane jumuiya nzima ilikuwa ikijadili imani yake.

Wapo watakaouliza: tukishazijua alama hizo, kuna faida gani? Mzee atakuwa kijana? La hasha. Lakini sikilizeni yaliyotokea Boston. Mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake walitangaza habari za wazee 100 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 87, wadhaifu kabisa. Baadhi yao walifanyishwa mazoezi ya misuli ya miguu, mazito ya kweli, kwa majuma kumi. Nguvu ya misuli yao iliongezeka zaidi ya mara mbili, mwendo ukaongezeka, na wachache waliokuwa wakitegemea kigari cha kushikilia wakaanza kutembea kwa fimbo tu. Wasiofanya mazoezi hawakupata nguvu hiyo. Kwa upande wa pili, mwaka 2007 wengine walionyesha kwamba wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku kumi tu walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku kumi! Sisi tunaomwambia mzazi, "pumzika mama, usishike kitu," na kumketisha kwenye mkeka tangu asubuhi hadi jioni tukidhani ndiyo heshima, twamnyang'anya miguu. Mwacheni bibi achambue mboga akiwa amesimama, aende kwa jirani, ainuke mwenyewe kwenye kigoda hata kama anakawia. Kukawia si aibu.

Tena kuna habari ya sahani. Misuli hujengwa kwa protini, na mzee anahitaji nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko kijana: gramu moja hadi moja nukta mbili kwa siku ndiyo iliyopendekezwa na jopo la wataalamu mwaka 2013. Mzee wa kilo 50 basi anahitaji gramu 50 hadi 60, na sahani ya ugali na mlenda jioni haifiki nusu ya hizo. Dagaa, maharage, karanga, maziwa na yai ndivyo vitakavyomfikisha, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye amwone tabibu kwanza. Lakini tazameni desturi zetu. Kuku hugawiwa wageni na wanaume. Bibi hula mwisho, pamoja na wajukuu, na katika wajukuu hao wapo yatima anaowalea yeye mwenyewe tangu UKIMWI ulipochukua watoto wake. Basi dagaa watatu walio katika bakuli lake huwahamishia wao mmoja baada ya mwingine huku akisema meno yake hayawezi. Meno yake yanaweza. Ninyi WAWATA mnalijua jambo hili kuliko sisi, na twawaomba mlitamke wazi katika mikutano yenu, kwa sababu likisemwa na padre, wanaume husema padre hana nyumba.

Serikali nayo ina deni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kuwa mzee ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na ikaahidi huduma za afya bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Tangu hapo tumeona vibao vingi vya "Mzee Kwanza" na madirisha ya wazee katika hospitali zetu. Vibao ni vizuri. Lakini tumewasindikiza wazee hadi kwenye dirisha mojawapo, ambalo hatutalitaja, tukashuhudia mzee akitangulizwa mbele ya foleni kwa heshima zote, akaandikiwa dawa ya maumivu, kisha akaelekezwa kwenda kuinunua mjini. Hakupimwa uzito. Hakutazamwa akitembea, maana alikuwa amekwisha ketishwa. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 amekuwa na haki ya pensheni, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, lakini bibi mwenye pensheni ana yai, na nyumbani kwake anahesabiwa kuwa mtu anayeleta. Hatuoni kwa nini haki iliyowezekana Unguja na Pemba isidaiwe na Bara.

Kabla ya kueleza tunachowaomba, kuna hofu moja ambayo hatutaki kuificha. Kipimo chochote cha udhaifu chaweza kugeuzwa kuwa hukumu. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Uingereza, mwongozo wa tiba wa huko ulitumia kipimo cha udhaifu kuwasaidia madaktari kuamua ni nani atanufaika na chumba cha wagonjwa mahututi. Watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika, na ndani ya siku chache mwongozo ukarekebishwa. Ikiwa jambo lile lilihitaji kupigiwa kelele katika nchi yenye sheria nyingi na magazeti mengi, kijijini kwetu halitahitaji? Familia yaweza kusikia kwamba mzee "amepata alama nne kati ya tano" na kusema: basi, fedha za nauli ya hospitali tuzitie kwenye ada. Sisi twasema kinyume. Alama zikiwa nyingi, ndipo anapotangulizwa.

Tunachoomba ni hiki. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo, kupitia kamati yake ya huruma, ichague watu wawili wenye kuaminika, mwanamke na mwanamume, wawatembelee wazee wote wa eneo lake bila kujali dini zao. Wachukue kamba ya mita nne na saa yenye mshale wa sekunde. Mzee atembee mwendo wake wa kawaida. Akipita sekunde tano katika mita hizo nne, mwendo wake umepungua. Akae kwenye benchi, mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, miguu imedhoofika. Asimame mtu karibu asije akaanguka. Aulizwe kama ameanguka katika mwaka uliopita, kama nguo zimekuwa kubwa, kama anachoka hata kabla ya kuanza, na anakula nini na lini. Mizani ya zahanati ipo. Apimwe kila baada ya miezi mitatu. Atakayeonekana kudhoofika asindikizwe kwa tabibu, na msindikizaji aombe kwa adabu lakini bila kuondoka: wingi wa damu, sukari, makohozi, macho, meno, na dawa zote anazotumia zitazamwe, kwa kuwa nyingine humfanya ayumbe. Na jiko la mzee huyo litobolewe dirisha. Vijana wa parokia waweza kulifanya Jumamosi moja.

Hatimaye, habari ya daftari. Majina ya wazee waliodhoofika, yakiandikwa na kusomwa mbele ya watu katika kijiji chenye hofu, ni orodha mpya mikononi mwa wale wale tuliowataja mwanzo. Kwa hiyo daftari litashikwa na hao wawili tu. Halitasomwa jumuiyani, halitatajwa kwenye matangazo ya Dominika, na halitapewa kiongozi yeyote wa kitongoji wala mtoto yeyote wa nyumba pasipo mzee mwenyewe kukubali. Atakayekataa kupimwa asilazimishwe, aendelee kutembelewa kama wengine. Ofisi ya Tume itapokea idadi tu, bila majina: wangapi wametembelewa, wangapi wamesindikizwa zahanati, wangapi wamerudi bila dawa. Hiyo idadi ya tatu ndiyo tutakayoipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya, nasi twawaomba muiandike kwa uangalifu kuliko zote.